Muulize mzee rika lake: Vikao vinavyolinda kumbukumbu na kuondoa upweke

Muulize mzee wa Kibukusu kule Bungoma alitahiriwa lini. Badala ya tarehe, atakutajia rika lake la tohara: Nyange, ama Maina. Kisha ataendelea mwenyewe: mto walikopakwa matope alfajiri, nyimbo zilizowasindikiza hadi nyumbani, wenzake waliosimama bila kupepesa macho. Mzee aliyejikunyata kimya tangu asubuhi hugeuka msimulizi.

Sababu iko ndani ya ubongo. Alzheimer, aina inayoongoza ya ugonjwa wa kusahau, huanza kwa kufuta kumbukumbu za karibuni. Za ujana hukawia kupotea. Ndiyo maana mtu anaweza kusahau kwamba amekunywa chai, lakini akauimba wimbo wa zamani hadi mwisho.

Wataalamu wa Uingereza walijenga tiba juu ya msingi huo. Wagonjwa wachache hukutana mara 2 kwa wiki, kwa wiki 7, kila kikao dakika 45 hivi. Huimba, hutaja majina ya vitu, hukumbushana ya kale. Utafiti uliochapishwa mwaka 2003 kuhusu watu 201 ulionyesha kuwa waliohudhuria vikao 14 walikuwa na kumbukumbu bora na maisha yenye raha zaidi kuliko wasiohudhuria.

Je, tiba hiyo inafaa huku kwetu? Jibu lilitoka Wilaya ya Hai, mkoani Kilimanjaro, Tanzania. Huko ilirekebishwa ili hata asiyejua kusoma ashiriki. Matokeo ya wazee 34, yaliyochapishwa mwaka 2017, yalionyesha uwezo wa kufikiri ukiimarika na wasiwasi ukipungua.

Mwili nao una sehemu yake. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2011, watafiti wa Marekani waliwafuatilia wazee 120 kwa mwaka mmoja. Kwa waliotembea kwa miguu mara 3 kwa wiki, hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, iliongezeka ukubwa kwa asilimia 2. Kwa waliojinyoosha tu, ilipungua. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, na kwa wazee, mazoezi ya kuimarisha usawa wa mwili ili wasianguke.

Miji ya Kitale na Bungoma ina kila kinachohitajika kwa vikao kama hivyo. Litungu, ala ya nyuzi ya Wabukusu, lipigwe, wazee waitikie. Drafti ya vifuniko vya soda ichezwe chini ya mti. Kukhu, yaani nyanya, aulizwe jinsi ya kuchuja munyu wa majivu wa kupikia mboga, naye awaonyeshe wajukuu kwa mikono yake. Kitale kuna makumbusho yenye vyombo vya kale na njia ya kutembea msituni. Kuna pia ya kusimulia: reli iliyofika mjini mwaka 1926, ama mbegu ya mahindi ya H611 iliyotolewa hapo mwaka 1964, ambayo wakulima wengi wa enzi hizo waliipanda.

Vikao hivi haviponyi ugonjwa wa kusahau, na havichukui nafasi ya kliniki. Ripoti ya jarida la Lancet ya mwaka 2024 ilitaja mambo 14 yanayochangia ugonjwa huo, yakiwemo shinikizo la damu, kisukari, kupungua kwa kusikia, sonona na upweke. Kwa hiyo mzee apimwe shinikizo, masikio na macho. Akichanganyikiwa ghafla, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo, maana huenda ni maambukizi ama dawa anazotumia. Wala asiambiwe amerogwa.

Serikali ya Kenya huwapa wazee walioandikishwa, waliotimiza miaka 70, shilingi 2,000 kwa mwezi kupitia mpango wa Inua Jamii. Pesa hizo hununua unga na sabuni, lakini haziketi na mzee kuzungumza naye. Kazi hiyo ni yetu. Makanisa, misikiti, vyama vya akina mama na wahudumu wa afya ya jamii waanze na saa moja, mara 2 kwa wiki. Nawe unayesoma, ukifika nyumbani, vuta kigoda ukae karibu na mzee wako, umuulize rika lake.