Fahamu: Kipindi cha runinga kinavyoishia kwenye diski

Kenya ilipozima mitambo ya analogia mwaka 2015, vifaa vya zamani vya kurekodia runinga kwa kompyuta viligeuka pambo. Sasa kinahitajika kifaa, kwa mfano cha USB, kinachonasa mawimbi ya dijitali ya DVB-T2.

Kunasa ni rahisi. Kibarua kipo kwenye kuchoma diski ya DVD. Matangazo hubanwa kwa MPEG-4, ilhali deki ya kawaida ya DVD husoma MPEG-2, hivyo programu lazima igeuze faili kwanza. Diski ya gigabaiti 4.7 hubeba takriban saa mbili. Umeme ukikatika katikati ya kuchoma, diski ndiyo basi tena.

Diski ikishakamilika, inaweza kutazamwa na wengi. Katika kambi ya wakimbizi ya Kakuma, ambako shirika la FilmAid limewahi kuonyesha filamu hadharani, kutazama kwa pamoja si jambo geni. Kuuza nakala, hata hivyo, kunahitaji ruhusa ya mwenye hakimiliki.