Uso wa Krismasi Huanza Mapema

Kuanzia wiki ya kwanza ya Desemba, simu za saluni na kliniki za urembo hapa Moshi hazipumui. Wachaga wanarudi nyumbani, mabasi ya Dar es Salaam yanashusha watu usiku na mchana, na harusi zinafuatana Kibosho, Marangu, Machame mpaka Rombo. Desemba iliyopita dada mmoja aliketi mbele yangu, akaondoa mtandio, akanionyesha mashavu yaliyojaa madoa meusi ya chunusi za zamani.

“Daktari, nichubue tu. Sendofu ya mdogo wangu ni Jumamosi.”

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Nilimkatalia.

Tatizo la kwanza liko kwenye neno lenyewe. Tunasema “kuchubua” kwa mtu anayejipaka mkorogo apate weupe, na tunasema “kuchubua” hivyohivyo kwa tiba ya kuondoa tabaka la juu la ngozi kwa asidi iliyopimwa. Mkorogo huizuia ngozi isitengeneze rangi yake. Tiba ya asidi huondoa seli zilizokwisha kufa ili zile changa zilizo chini zionekane. Kwa kijana, ngozi ya juu hujibadilisha takriban kila wiki 4. Umri unavyosonga, kazi hiyo huzorota, seli kuukuu hurundikana na uso hufifia. Fesho ya kawaida, yaani mvuke, kusafisha, kusinga na maski, hulainisha uso na kumpumzisha mtu, jambo ambalo bibi zetu wa pwani walilijua tangu enzi za liwa na singo. Lakini haiondoi doa lililozama.

Asidi tunayoitumia sana ni ya glaikoli. Kwa asili inapatikana kwenye miwa kama ile ya mashamba ya TPC kule Arusha Chini, ingawa ya kliniki hutengenezwa maabara. Naipaka kwa brashi, kuanzia paji la uso, saa ikiwa mkononi. Mara ya kwanza haizidi dakika moja au mbili, kisha naizima kwa maji ya bikaboneti. Vitabu vingi vinasema uangalie wekundu. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha, kwa hiyo mimi namuuliza mteja kila baada ya muda mfupi: inawasha kiasi gani, moja mpaka kumi? Na macho yangu yanatafuta kitu kimoja, weupe kama wa barafu. Ukijitokeza, asidi imekwenda chini kuliko nilivyokusudia, na naizima papo hapo.

Uangalifu huo una sababu. Mwaka 1975 daktari Mmarekani, Thomas Fitzpatrick, alianza kupanga aina za ngozi kwa namna zinavyopokea jua, na mpango huo baadaye ukafika aina 6. Wengi wetu tuko kwenye mbili za mwisho. Ngozi hizi hukawia kupata mikunjo, na hiyo ni neema kubwa. Lakini zikijeruhiwa, hata kwa kipele tu, seli za rangi hujibu kwa kumwaga melanini, na jeraha hupona likiacha doa. Ndiyo maana tiba kali ya kuondoa madoa inaweza kuzaa madoa mengine. Leza nayo ni vivyo hivyo: mwanga wake hutafuta rangi, wala haubagui rangi ya doa na rangi yako ya kuzaliwa. Ukipelekwa kwenye leza, uliza kama mashine ina wimbi la nanomita 1064, ambalo melanini hulinyonya kidogo zaidi, hivyo ni salama zaidi kwetu, na uliza yule anayeishika amewahi kutibu nyuso nyeusi ngapi.

Halafu kuna jua letu. Moshi iko nyuzi 3 tu kusini mwa ikweta, na kila ukipanda mita 1,000 miale ya urujuanimno huongezeka kwa asilimia 10 hivi. Mama anayeshuka na mkungu wa ndizi kutoka Marangu anaona baridi na ukungu, anadhani yuko salama. Miale inayozeesha ngozi hupenya mawingu, hupenya hata kioo cha daladala. Hapa hapa mjini, kwenye viwanja vya hospitali ya KCMC, kuna kituo cha kufundishia wataalamu wa magonjwa ya ngozi, RDTC, kilichofunguliwa 1992. Ndipo ilipoanza kutengenezwa Kilisun, krimu ya kukinga jua kwa ajili ya ndugu zetu wenye ualbino, ambao kwao krimu hiyo ni kinga ya saratani. Sisi wengine tumeichukulia habari ya jua kuwa yao peke yao, na tumekosea sana. Mwenye madoa meusi atafute krimu ya jua yenye rangi ya udongo itokanayo na oksidi ya chuma, maana hata mwanga wa kawaida unaoonekana hutia giza ngozi yetu.

Yule dada nilimuuliza swali ninalomuuliza kila mtu: unapaka nini usiku? Alinyamaza, kisha akatoa kikopo kisicho na lebo. Vitu hivi mara nyingi huwa na haidrokwinoni, zebaki au steroidi kali, viambato vilivyopigwa marufuku kwenye vipodozi nchini. Steroidi huikondesha ngozi mpaka mishipa ionekane, na asidi juu ya ngozi ya namna hiyo huunguza. Mhudumu asipokuuliza swali hilo kabla ya kufungua chupa yake, inuka, chukua mkoba wako, ondoka.

Jumamosi alikwenda kwenye sendofu akiwa amesafishwa uso, amepakwa krimu ya kulainisha na kupambwa na mpambaji hodari. Kikopo tulikiacha kidogo kidogo, maana ukiacha steroidi ghafla uso huwaka. Aprili, mvua za masika zikiwa zimeanza, tulipaka asidi ya asilimia 20 kwa dakika moja na nusu. Aliniambia inawasha tatu.