Kuumia Peke Yake Hakushindi Kesi

Mtu aliyeumia akifika kwa wakili, kitu cha kwanza anachoonyesha ni jeraha. Anakunja suruali kovu lionekane, anatandaza mezani picha za eksirei na risiti za hospitali, kisha anauliza atalipwa shilingi ngapi. Ana haki ya kuuliza, ila ameruka hatua. Anayedai fidia ya uzembe ana maswali matatu ya kujibu: lazima aonyeshe kwamba anayemdai alikuwa na wajibu wa kuwa mwangalifu kwake, kwamba wajibu huo aliukiuka, na kwamba ni ukiukaji huo, si jambo jingine, uliomletea madhara. Lile kovu linajibu kipande tu cha swali la tatu.

Swali la kwanza lilipata jibu lake kwenye chupa ya soda. Agosti 26, 1928, katika mji wa Paisley huko Uskoti, May Donoghue aliketi mkahawani na rafiki yake, naye rafiki akamwagizia aiskrimu na soda ya tangawizi. Chupa ilikuwa ya kioo cheusi, huoni kilichomo. Soda ikamiminwa kidogo juu ya aiskrimu, Donoghue akanywa. Rafiki alipomimina iliyobaki, kwa mujibu wa madai yao, yakaelea mabaki ya konokono aliyeoza. Donoghue akaugua tumbo.

Sasa amshitaki nani? Soda ililipiwa na rafiki, kwa hiyo Donoghue na mwenye mkahawa hawakuwa na mkataba. Mtengenezaji, David Stevenson, hakuwahi kuuziana naye hata kizibo. Tena mwaka 1929 mahakama ya Uskoti ilikuwa imetupa madai ya watu waliosema wamekuta panya kwenye soda ya tangawizi ya kampuni nyingine. Wakili aliyeshindwa katika kesi ile ya panya ndiye huyohuyo aliyeibeba ya konokono, jambo linalonifanya nimvulie kofia hadi leo. Donoghue alikuwa fukara kiasi kwamba aliruhusiwa kuendesha rufaa yake bila kuweka dhamana ya gharama.

Mei 26, 1932, Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza wakati huo, liliamua kwa majaji watatu dhidi ya wawili kwamba mtengenezaji anaweza kuwajibika kwa mnywaji. Lodi Atkin alianzia kwenye amri ya kumpenda jirani, akauliza jirani huyo kisheria ni nani. Jibu lake kwa ufupi: ni yeyote anayeguswa na matendo yangu kwa karibu kiasi kwamba nilipaswa kumfikiria kabla ya kutenda. Konokono mwenyewe hakuwahi kuthibitishwa. Malodi waliamua hoja ya sheria tu, Stevenson akafariki kabla ushahidi haujasikilizwa, na shauri likaishia kwenye maelewano.

Tanzania ilirithi sheria ya kawaida ya Uingereza kama ilivyokuwa Julai 22, 1920, kwa hiyo uamuzi wa 1932 hauzifungi mahakama zetu. Hata hivyo zimeufuata, na Kenya vilevile. Ndiyo maana dereva wa bodaboda anawajibika kwa abiria aliyemlipa nauli na pia kwa mama muuza maandazi aliyesimama kando ya barabara, ambaye hajawahi hata kusalimiana naye.

Swali la pili halihitaji maelezo marefu. Sheria haidai ukamilifu, inadai uangalifu wa mtu wa kawaida mwenye busara. Mwaka 1951 Baraza hilohilo lilimnyima fidia mwanamke aliyepigwa na mpira wa kriketi akiwa barabarani, kwa kuwa mipira iliyovuka uzio na kufika huko ilikuwa kama sita tu katika miaka thelathini. Mimi ningempa, lakini hoja yao naielewa.

Kesi nyingi huzama kwenye swali la tatu. Asubuhi ya Januari 1, 1966, walinzi watatu wa usiku jijini London walianza kutapika baada ya kunywa chai. Wakajikokota hadi hospitali. Muuguzi akampigia simu daktari wa zamu, naye, akiwa mwenyewe hajisikii vizuri, akaagiza warudi nyumbani na kuwaita madaktari wao. Mmoja akafa saa chache baadaye. Chai ilikuwa na aseniki. Jaji alikiri wazi kwamba hospitali ilizembea, lakini mjane akatoka mikono mitupu: kwa ushahidi uliokuwepo, hata kama mumewe angepokelewa mara moja, dawa ya kuzima sumu ile isingemfikia kwa wakati. Uzembe ulikuwepo na kifo kilikuwepo, ila kamba ya kuviunganisha haikuwepo.

Hata aliyefunga kamba hiyo vizuri anaweza kupunguziwa. Abiria aliyekataa kofia ngumu akaumia kichwa atahesabiwa sehemu yake ya lawama. Na asidhani kwamba dereva akipigwa faini kwa kosa la barabarani basi mambo yamekwisha. Faini huenda serikalini. Fidia ni shauri la madai linalojitegemea, na muda wake, Tanzania na Kenya, ni miaka mitatu. Anayeidai Serikali ana masharti zaidi: Tanzania lazima itangulie notisi ya siku 90, na Kenya muda wenyewe ni miezi 12 tu.

Kwa hiyo tunza fomu ya polisi ya PF3, majina ya mashahidi, namba ya gari na nakala ya mchoro wa ajali uliochorwa na trafiki. Na jihadhari na kumalizana barabarani. Ndugu wa dereva huja wodini na bahasha na karatasi iliyoandikwa kwa mkono kwamba umeridhika na huna madai tena. Usiitie saini kabla daktari hajasema mguu utapona vipi, maana hiyo ndiyo karatasi ya kwanza ambayo wakili wa kampuni ya bima ataiweka mbele ya hakimu.