Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone

Wako watu wasemao kwamba Kiswahili si lugha kamili, kwa kuwa kimejaa maneno ya kuazima. Kwa sababu hiyo wazazi wengine huona haya kusema Kiswahili na watoto wao. Walakini, atakayeyachunguza maneno hayo ya kuazima ataona kwamba aibu hiyo haina msingi.

Tutazame neno "gereza". Mwaka 1593 Wareno walianza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa, na ndani yake wakaweka kanisa. Kwa lugha yao kanisa ni "igreja". Watu wa pwani walilitwaa neno hilo, wakaliita boma zima gereza. Wareno waliondolewa mwaka 1698, bali neno lao likabaki, na baadaye likawa na maana ya mahali pa kufungia wahalifu. Ngome yenyewe ilikuwa jela tangu 1895 hata 1958. Basi neno lililoanza katika sala likaishia katika pingu!

Neno "kitabu" ni la Kiarabu. Mwarabu akiwa na kimoja husema "kitab", na vikiwa vingi husema "kutub". Mswahili hakuufuata wingi huo. Aliisikia "ki" ya mwanzo, akalipanga neno pamoja na kiti na kisu: kitabu, vitabu. Hata magari yalipokuja, maneno ya Kiingereza yaliyomwamuru dereva ashike upande wa kushoto penye mzunguko wa barabara yakageuka "kipilefti". Na vikiwa viwili, ni vipilefti.

Kadhalika, "shule" ni neno la Wajerumani waliotawala Tanganyika. Lakini watoto wa Kenya, nchi iliyotawaliwa na Waingereza, nao huenda shule.

Je, Kiingereza hakikuazima? Neno lao la meza, "table", lilitoka kwa Wafaransa. Na neno "safari" walilichukua kwetu. Wala hakuna asemaye kwamba Kiingereza si lugha.

Maneno ni kama wageni. Yakibisha hodi katika nyumba ya Kiswahili hukaribishwa, lakini hutii sheria ya mwenye nyumba: huvaa viambishi vyake na kufuata wingi wake. Nyumba ipokeayo wageni wengi hivyo, na desturi zake zisibadilike, si nyumba dhaifu. Mzazi na aseme na mwanawe Kiswahili bila haya.