Jenerali Alan Cunningham: Kutoka Juba Hadi Libya (Sehemu ya Pili)

Wiki iliyopita tuliishia El Wak, kituo cha mpakani mwa Kenya na Somalia ya Kitaliani, ambacho majeshi ya Jenerali Cunningham wa Uingereza yalikivamia tarehe 16 Desemba 1940. Shambulio lilikuwa dogo, lakini namna Waitalia walivyotimua mbio ilimfanya jenerali apime upya mambo yake. Kabla ya hapo alishikilia kwamba bandari ya Kismayu huko Somalia haigusiki mpaka mvua za 1941 zipite. Sasa alimwomba mkubwa wake, Jenerali Wavell wa Cairo, ruhusa ya kuzitangulia mvua hizo, akapewa.

Wasimuliaji wengi hukimbilia risasi na kusahau maji. Toka mto Tana hadi mto Juba ni nyika kavu isiyo na barabara ya maana, na jeshi la malori lina kiu mara mbili: askari wanataka kunywa, na rejeta nazo zinataka. Cunningham alikuwa ofisa wa mizinga tangu 1906, amezoea hesabu za uzito na umbali. Hakuingiza vitani askari wengi kuliko alioweza kuwalisha na kuwanywesha. Kwangu mimi, huo ndio uhodari wake wote wa mwaka ule, wala si mdogo.

Kismayu ilitwaliwa tarehe 14 Februari 1941, Mogadishu tarehe 25. Mjini humo walikuta shehena kubwa ya petroli ambayo Waitalia hawakuwahi kuichoma, basi safari ikaendelea kwa mafuta ya adui. Tarehe 16 Machi kikosi kutoka Aden kikaikomboa Berbera, na tangu hapo mahitaji yakapitia bandari ya karibu badala ya kuburutwa toka Kenya. Askari Wanaijeria wakauteka mji wa Harar, Ethiopia. Tarehe 6 Aprili majeshi yakaingia Addis Ababa, baada ya mwendo wa kilometa zaidi ya 2,700 uliochukua chini ya miezi miwili. Waliouawa, kujeruhiwa na kupotea walikuwa takriban 500 tu. Miongoni mwa walioongoza mwendo huo walikuwamo Keya, yaani askari wa King's African Rifles, wa Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, ingawa sifa magazetini zilimwendea jenerali.

Sifa hizo ndizo zilizomponza. Jenerali Auchinleck, aliyechukua nafasi ya Wavell, alitafuta kamanda wa Jeshi la Nane lililoundwa Septemba 1941 kupambana na Rommel, jenerali wa Wajerumani, huko Libya. Churchill alimtaka Maitland Wilson. Auchinleck akamshikilia Cunningham. Mtu ambaye hajawahi kuongoza vita vya vifaru akakabidhiwa vita vikubwa vya vifaru, na maandalizi yake yalikuwa ya wiki chache tu. Juu ya hayo, daktari alikuwa amemkataza kiko, naye alikuwa mvutaji hasa.

Mashambulizi yalianza tarehe 18 Novemba. Kule Somalia adui alipigwa akarudi nyuma. Huku Sidi Rezegh, nchini Libya, alipigwa akageuka kupiga. Siku ya tano Waingereza walikuwa wamepoteza vifaru vingi mno, na Cunningham akataka kujua kama wasimamishe vita wailinde Misri. Swali halikuwa la woga. Hesabu zake ndizo zilizomwonyesha hivyo. Kasoro yake ni kwamba alihesabu vifaru vyake vilivyoungua bila kutilia maanani kwamba Rommel naye alikuwa akiishiwa. Auchinleck aliruka kutoka Cairo tarehe 23, akaamuru vita viendelee. Baada ya siku tatu akamwondoa Cunningham na kumweka Neil Ritchie, naibu mkuu wa maofisa wake wa makao makuu. Mwezi uliofuata Rommel alianza kurudi nyuma kuelekea El Agheila. Cunningham yeye alikuwa amelazwa hospitalini kwa uchovu.

Jeshini, jenerali aliyeondolewa katikati ya vita kwa kawaida huwa amekwisha. Huyu alipewa chuo cha maofisa cha Camberley, kisha Ireland ya Kaskazini, na mnamo Novemba 1945 akapelekwa Jerusalem kuwa Kamishna Mkuu wa Palestina, wa mwisho. Huko tutakwenda wiki ijayo.