Mimba Haifichwi kwa Mkunga

Mwaka juzi, nikiwa mwaka wa kwanza hapa chuoni, dada yangu mkubwa alipoteza mimba ya miezi mitano. Hakuwa akiumwa. Usiku alihisi uzito chini ya kitovu, alfajiri maji yakamwagika, na kabla gari haijafika mjini kutoka Mkokotoni mambo yalikuwa yamekwisha. Kwenye karatasi waliandika kwamba mimba imeharibika, basi. Nyumbani kila mtu akawa na lake: bibi alisema kijicho, mawifi wakasema kabeba ndoo za maji. Mwenyewe akajilaumu.

Mwaka jana alipobeba tena, akafanya kama wengi wetu: akaificha. Si unajua mila zetu, mimba haitangazwi mpaka ijitangaze yenyewe. Mie nilijua kwa sababu alinipigia simu akilia kwa hofu. Nikamsimulia rafiki yangu anayesomea ukunga, bila ya kutaja jina. Swali lake la kwanza likawa: "Ana wiki ngapi?" Nikamwambia kama 15. "Basi mpeleke wiki hii, shoga. Msingoje tumbo lionekane."

Tangu siku hiyo nimejifunza jambo ambalo natamani tungelijua mapema.

Ufikirie mfuko wa uzazi kama gunia la karafuu lililopinduliwa mdomo chini. Kinachozuia karafuu zisimwagike ni ile shingo iliyofungwa. Mwanamke naye ana shingo ya kizazi, na katikati ya ujauzito huwa na urefu wa milimita 35 hivi au zaidi, ngumu na imefumba. Inatakiwa ilainike na kufupika karibu na kujifungua. Kwa baadhi ya wanawake hufupika mapema mno, tena kimya kimya: hakuna maumivu wala damu. Huanza kufunguka kwa ndani, juu, mahali ambapo jicho halifiki. Kwa hiyo mama anajiona mzima mpaka siku maji yanapomwagika.

Hapo ndipo ultrasaundi inapofaa. Si ile ya juu ya tumbo tuliyoizoea, bali ya ndani, inayopitishwa ukeni. Ile ya tumbo huhitaji kibofu kijae, na kibofu kikijaa huibana shingo ikaonekana ndefu kuliko ilivyo. Ya ndani hufanywa kibofu kikiwa kitupu, huchukua dakika chache, na haimdhuru mtoto.

Namba ya kukumbuka ni 25. Shingo ikiwa chini ya milimita 25 kabla ya wiki ya 24, huhesabiwa kuwa fupi. Mwaka 1996 watafiti wa Marekani walichapisha vipimo vya karibu wanawake 3,000 na kuonyesha kwamba kadiri shingo inavyokuwa fupi, ndivyo hatari ya kuzaa kabla ya wakati inavyopanda. Tusielewane vibaya: shingo fupi si hukumu. Wengi wenye shingo fupi hufikisha miezi yao. Ni onyo tu, ila ni onyo linalokuja wakati bado kuna la kufanya.

Mwanamke aliyewahi kuzaa njiti au kupoteza mimba kubwa kama dada hupimwa kuanzia wiki ya 16 mpaka 24, kila baada ya wiki mbili hivi. Sasa piga hesabu. Ukiificha mimba mpaka mwezi wa tano au wa sita, sehemu kubwa ya dirisha hilo imeshapita.

Siku ya kwanza tuliteremka Darajani asubuhi, dada kajitanda buibui, hasemi. Alipoambiwa kipimo ni cha ndani, aliinuka aondoke. Nikauliza kama yupo daktari wa kike. Yupo. Kumbe ilihitaji kuulizwa tu. Wiki ya 16 ilikuwa milimita 34. Wiki ya 18, 29. Wiki ya 20, 22.

Kwa mtu mwenye historia kama yake, daktari anaweza kuifunga shingo kwa uzi, kama vile gunia linavyofungwa. Njia hiyo ina umri kuliko wazazi wetu: Shirodkar wa Bombay aliieleza mwaka 1955, na McDonald wa Melbourne akaleta njia nyepesi zaidi mwaka 1957. Uzi hutolewa wiki ya 36 au 37. Wengine hupewa projesteroni ya kuweka ukeni kila usiku. Mwenye mapacha huamuliwa kivyake. Na ule ushauri wa kulala kitandani miezi yote haujathibitika kusaidia. Kulala sana kunaweza hata kugandisha damu miguuni.

Dada alifungwa uzi. Lakini kazi ngumu ilikuwa kurudi kliniki: nauli, ruhusa ya mume, maneno ya watu. Hapa Unguja, mwaka 2009 na 2010, ulifanyika utafiti kwa wajawazito 2,550 katika vituo 24 vya afya. Waliopewa ujumbe wa simu na vocha ya kumpigia mhudumu, asilimia 44 walihudhuria kliniki mara nne au zaidi. Wenzao walikuwa asilimia 31. Kukumbushwa tu kunasaidia. Basi mie nikawa simu ya dada: kila Jumapili usiku namkumbusha.

Uzi ulitolewa wiki ya 37. Siku tisa baadaye akazaliwa binti, na hivi ninavyoandika amelala mapajani kwangu.

Wenzangu, humu chuoni wamo wake za watu, na wengine watakuwa. Ficha mimba kwa majirani ukitaka, lakini usimfiche mkunga, na siku ya kwanza mwambie mimba zilizotangulia ziliishaje. Ukiona maji, damu, tumbo linakaza au uzito chini, usingoje kupambazuke. Na nyinyi kaka zetu, msingoje kuombwa ruhusa. Toeni nauli, mfuatane nao.

Bibi bado anasema kilikuwa kijicho. Simbishii. Ila juzi nilimsikia akimwambia binti wa jirani: "Nenda kapimwe shingo."