Vibandiko vya Utambulisho Visivyohitaji Betri

Wananchi wanafahamishwa kuwa vipo vibandiko vya kutambulisha bidhaa visivyo na betri, ambavyo hupata nguvu kutokana na mawimbi ya redio yanayovifikia. Kwa kawaida mawimbi hayo hutolewa na mashine ya kuvisomea. Hata hivyo, simu ya mkononi nayo yaweza kuvilisha: simu ya GSM ya megahezi 900 hutoa hadi wati 2 kwa mapigo mafupi. Antena ya kibandiko huyapokea mawimbi, na daiodi huyageuza kuwa umeme wa kuendeshea chipu.

Mwaka 2013 watafiti wa Chuo Kikuu cha Washington, Marekani, walionyesha vifaa visivyo na betri vikiwasiliana kwa kuakisi mawimbi ya televisheni.

Ieleweke kwamba umbali ukiongezeka mara mbili, nguvu hubaki robo. Aidha, simu iliyo karibu na mnara hupunguza nguvu zake yenyewe. Kwa hiyo kibandiko kisichojibu si ushahidi kuwa mzigo haupo. Ghala linalotegemea njia hii halina budi kuendelea kuhesabu mali yake kwa mkono.